Msaada: feni 6 za kompyuta, soketi 1 tu imebaki. Niziunge vipi?

BintiAmu_Picha: Assalam aleikum wakuu. Naomba ushauri wa haraka, nina harusi mbili za kukabidhi kabla wiki haijaisha. Kompyuta nimeijenga mwenyewe kipande kipande, niko Lamu. Nikianza kutoa video nzima, dakika kama 20 hivi inazimika kana kwamba umeme umekatwa, na kabla ya hapo joto la prosesa linafika digrii 97. Nimeongeza feni kwenye kasha mpaka zimekuwa 6, nne za pini 3 na mbili za pini 4, ila madabodi imebaki na soketi 1 ya feni. Naziungaje zote na niweze kuziongoza kasi? Tafadhali msiniambie ninunue laptopu.

MtotoWaMalindi: Dada, laptopu ingekufaa sana lakini. Mimi nilikuwa na mashine za mezani dukani, hatua chache kutoka baharini hapa Malindi. Upepo wa chumvi ulikula pini zikawa kijani. Niliziuza zote kwa bei ya vyuma.

FundiWaya: Turudi kwenye swali. Nyuma ya kila feni pana kibandiko, soma ampea. Soketi nyingi za feni hubeba ampea 1, yaani wati 12. Feni zako zikiwa za 0.25, sita ni 1.5, na zinapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo. Usizirundike kwenye soketi hiyo. Tafuta habu ya feni, yaani kigawanyio cha kuungia feni nyingi, inayochukua umeme wake kwenye pawasaplai (kisanduku cha umeme cha kompyuta) kwa plagi ya SATA, madabodi iipe amri ya kasi tu. Mizunguko utakayoisoma ni ya feni moja, usishtuke. Tena pini 3 na pini 4 haziongozwi kwa njia moja. Ya pini 3 hupunguzwa kwa kushushiwa volti. Ya pini 4 hupata volti 12 muda wote, waya wa nne ndio unaoiambia iende vipi. Kwenye habu ya PWM, yaani inayoongoza kwa huo waya wa nne, zile nne za pini 3 zitakimbia mbio zao zote usiku na mchana. Umeshaunga chochote?

BintiAmu_Picha: Bado sijaunga vizuri.

FundiWaya: Kuunga vibaya pia ni kuunga. Sema.

BintiAmu_Picha: Nilisokota nyaya za zote 6 pamoja, nikazifunga tepu nyeusi na kuchomeka kwenye soketi ile. Zilizunguka kidogo, pakanuka plastiki, zikasimama. Feni ya prosesa ina soketi yake, haikuguswa. Sasa hizi 6 nimezivutia umeme kwenye Molex, plagi nyingine ya pawasaplai, na zinavuma zote kwa nguvu. Linalonishangaza, joto halijashuka hata digrii moja.

FundiWaya: Basi ugonjwa wako si waya. Hewa inaingilia wapi na kutokea wapi? Kasha ni la aina gani?

BintiAmu_Picha: Kasha kubwa, zuri tu. Tuzungumzie feni.

NahodhaMstaafu: Mimi kompyuta sizijui, lakini naijua injini. Tulikuwa na boti ya abiria, Amu na Mokowe. Mwenye boti akachoka na kelele, akaifunika injini ya dizeli kwa mbao pande zote. Safari ya kwanza tu ilichemka, tukavutwa kwa kamba hadi gatini huku abiria wananitazama mimi.

FundiWaya: Dada, weka picha ya kasha.

BintiAmu_Picha: Haya. Ni kasha la kweli. La mti, la misumari ya shaba, la bibi yangu mzaa mama. Kompyuta imo ndani, na nikifanya kazi kifuniko kina kufuli. Nyuma pana tundu la kupitishia nyaya, basi. Sikilizeni sababu kwanza. Mimi napiga video za kupamba, usiku wa wanawake peke yao. Bibi harusi hajajifunika, mama zake na shangazi zake hawajajifunika. Wananipa kazi kwa sababu wanajua sura zao ziko chini ya ufunguo, maana kwetu wanaingia ndugu, majirani, mafundi. Seremala anakuja Jumamosi kutoboa matundu mawili ubavuni. Nimeshachora duara kwa penseli, nimefuatisha kisahani cha chai. Kasha halibadiliki, nisaidieni feni.

Mdadisi_Pwani: Hii ni chai, tena ya maziwa. Nani anaweka madabodi kwenye kasha la bibi? Kwanza lilikuwa kasha, sasa limekuwa kasha la shaba, kesho litakuwa la sultani. Na akaunti ina mwezi mmoja. Watu wanatunga hapa mpate kusoma.

AbuSwaleh: Iwe chai isiwe chai, mimi nauliza: usiku wa wanawake unapigwa video ya nini? Ukiacha kupiga, hakuna cha kufungia.

MamaWaShela: Ndugu yangu, ninayo kanda moja ya harusi yangu, ya mwaka 1999. Ndiko pekee ninakomwona marehemu mama yangu akicheza. Usilichukulie hivyo.

BintiAmu_Picha: Mdadisi, ndani mkono wa kulia pana kijisanduku cha kuwekea vito, ndimo ilimo diski. Nikiinua kifuniko baada ya kazi, joto linanipiga usoni pamoja na harufu ya udi wa bibi, kama chetezo kimewashwa sasa hivi. Karibu na pawasaplai vanishi imelainika, ukigusa inanata kidoleni. Sasa nitunge ili nipate nini?

FundiWaya: Mimi namwamini, vanishi hiyo haitungwi. Dada, itoe humo leo. Mashine ya wati 250 ndani ya sanduku lililofungwa ni pasi iliyosahaulika kabatini. Feni haizalishi baridi, inahamisha hewa. Zako zinakoroga joto lilelile, kama mwiko kwenye sufuria lenye kifuniko. Hata hayo matundu mawili ubavu mmoja, hewa ya moto itatoka na kurudi palepale. Na siri yako haiko kwenye madabodi, iko kwenye diski. Tumia diski ya nje, isimbe kwa VeraCrypt, programu ya kufunga diski kwa nywila, ni ya bure. Kazi ikiisha, diski ndiyo iingie kashani.

BintiAmu_Picha: Nywila mteja haioni. Kufuli analiona. Ufunguo nauvaa shingoni.

MamaWaShela: Basi mwite aone diski yake ikiingia kwenye kijisanduku, umfungie mbele ya macho yake. Mimi ningerudi kwangu nimetulia. Na bibi anajua habari ya penseli, mwanangu?

BintiAmu_Picha: Hajui.

BintiAmu_Picha: Nimeiweka mezani tangu alasiri. Harusi ya kwanza imetoka nzima, digrii 74. Duara moja limefutika kwa kitambaa na mafuta ya nazi, la pili limeingia kwenye nakshi, halitoki. Seremala bado sijamwambia. FundiWaya, feni zimekuwa na kelele hapa chumbani, nifanyeje?

FundiWaya: Bakisha mbili za pini 3. Soketi iliyoungua usiiguse tena. Kwenye Molex waya wa njano ni volti 12, mwekundu 5, weusi ni wa kurudi. Zihamishie kwenye 5 zitakwenda polepole, na itakayokataa kuanza irudishe 12. Zima ukutani kwanza, uchomoe kabisa.