Mjadala: Je, msomaji wa miswada wa jarida la fasihi afichwe jina la mwandishi?

Mleta mada

Ndugu wadau wa fasihi, naomba tujadili swali ambalo jarida dogo la fasihi haliwezi kulikwepa: mswada unapopokelewa, je, wale wanaousoma mwanzo walione jina la mwandishi, au jina liondolewe mpaka uamuzi ufikiwe? Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunipinga asihangaike kuutafuta. Naona jina lifichwe kwa wasomaji wa awali, lifunuliwe kwa mhariri mwishoni, na majina ya wasomaji hao wa awali yachapishwe katika kila toleo.

Kwa asiyejua jinsi kazi hii inavyokwenda, nieleze kwa ufupi. Jarida dogo aghalabu lina mhariri mmoja au wawili, na nyuma yao wapo wasomaji wa kujitolea, wengi wao wanafunzi, walimu na waandishi chipukizi, wasiolipwa chochote. Miswada hugawanywa baina yao, kila mmoja ukasomwa na watu wawili au watatu, nao huandika maoni mafupi na kupiga kura upite, usipite, au ujadiliwe. Mhariri husoma iliyopita, na mara nyingi ile iliyokataliwa na wote haioni kabisa. Ndiyo maana barua ya kukataliwa, ijapokuwa imetiwa saini na mhariri, kwa kweli hutoka kwa mtu ambaye mwandishi hatamjua maishani mwake.

Nilisoma miswada ya jarida moja kwa miaka mitatu, na majina yalikuwa wazi. Jioni moja nilipewa hadithi mbili. Ya kwanza ilichelewa kuanza: kurasa mbili nzima za mandhari kabla hajatokea mtu wa kutenda jambo. Nikaandika "mwanzo mzito" na kuikataa. Ya pili ilichelewa vilevile, ila juu yake palikuwa na jina ambalo nilikuwa nimelisoma kwa miaka mingi, nami nikaandika "anajenga mandhari kwa subira" na kuipitisha. Niliyagundua hayo baada ya wiki kadhaa, nilipokuwa nikipitia maoni yangu ya zamani kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Lililonitisha ni kwamba maoni yote mawili niliyaandika kwa moyo mweupe. Sikumpendelea mtu kwa kukusudia; nilimvumilia mmoja kurasa mbili ambazo mwenzake nilimnyima, na katika usomaji wa miswada uvumilivu wa kurasa mbili ndio kila kitu.

Jina huweza pia kumfungia mtu mlango. Mwaka 1912 mswada wa riwaya ya mwandishi Mfaransa Marcel Proust ulifika mikononi mwa watu wa Nouvelle Revue Française, jarida la Paris ambalo wakati huo lilikuwa limeanza kuchapisha na vitabu. André Gide, mmoja wa waasisi wake, alimjua Proust kama mtu wa karamu za wakubwa, na kwake hilo lilitosha. Mswada ukakataliwa, Proust akajilipia gharama za kuchapishwa kwingine mwaka 1913, na Januari 1914 Gide akamwandikia barua ya kuomba radhi, akikiri kwamba kumkataa lilikuwa kosa kubwa kuliko yote yaliyofanywa na jarida lao.

Najua kuna atakayenijibu kwa kisa cha Doris Lessing, basi nikilete mwenyewe, ingawa ni cha vitabu na si cha majarida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa tayari mwandishi mashuhuri, alipeleka riwaya kwa jina la kubuni la Jane Somers. Jonathan Cape, waliokuwa wachapishaji wake nchini Uingereza, waliikataa. Ikachapishwa na kampuni nyingine mwaka 1983, na mwaka uliofuata akajitambulisha. Wapo wanaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba jina likifichwa, kazi nzuri hupotea. Mimi nakisoma kwa namna nyingine: kwa muda mfupi Lessing alitendewa yale ambayo mwandishi asiyejulikana hutendewa kila siku, na tofauti ni kwamba yeye alikuwa na jina la kurudia.

Kuhusu kuchapisha majina ya wasomaji, hoja yangu ni nyepesi. Msomaji wa awali ndiye mwenye mamlaka makubwa kuliko wote katika jarida, kwa kuwa anaweza kuiondoa kazi bila mtu mwingine kujua kwamba iliwahi kuwepo. Haifai mwenye mamlaka hayo awe hajulikani, na wala haifai afanye kazi ya mwaka mzima bila hata kutajwa. Karibuni.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kukiri habari ya zile hadithi mbili, maana wengi wetu tuliofanya kazi hii tuna kisa kama hicho na tumekikalia kimya. Hata hivyo, tiba unayoipendekeza sikubaliani nayo.

Jarida la fasihi si chumba cha mtihani, ambamo kila karatasi hupewa namba na msahihishaji hutakiwa asijue ni ya nani. Harriet Monroe alipoanzisha jarida la Poetry mjini Chicago mwaka 1912, alitangaza sera ya mlango wazi, kwamba shairi zuri lingepokelewa bila kujali limetoka kwa kundi gani au limeandikwa kwa mtindo upi. Lakini shairi lililoleta sifa kubwa kwa jarida hilo, la kijana aitwaye T. S. Eliot ambaye hakujulikana na yeyote, halikupita mlangoni kwa kusukumwa na upepo. Ezra Pound, aliyekuwa mwakilishi wa jarida hilo ng'ambo, alilituma mwaka 1914, kisha akamwandama Monroe kwa barua hadi lilipochapwa Juni 1915. Rajat Neogy naye, alipoanzisha jarida la Transition mjini Kampala mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 22, hakuketi kusubiri bahasha zisizo na majina. Jarida huishi kwa watu wanaofuatana, wanaoandikiana, na wanaomwambia mwenzao: hii bado, lakini niletee nyingine.

Hapo ndipo ninapoona hasara ya pendekezo lako. Mwandishi aliyekataliwa mara tatu, na kila mara akirudi na kazi bora kuliko iliyotangulia, msomaji anayeona jina lake huiona hiyo safari. Asiyeliona humkuta kila mara kama mgeni. Pia kuna jambo ambalo hukuligusa, nalo ni kwamba kuficha jina hakufichi mtindo. Msomaji aliyelelewa na aina moja tu ya hadithi atakutana na kazi iliyojengwa kwa viitikio na marudio ya masimulizi ya mdomo, naye ataandika "inajirudia" bila kuwa na chochote cha kumshtua afikiri upya. Laiti angejua mwandishi ni nani na ametoka katika mapokeo gani, huenda angejiuliza kama kasoro ni ya hadithi au ni ya sikio lake. Kwa mtu wa namna hii, kukosa jina humpa ruhusa ya kuyaita mazoea yake haki.

Tena, usawa uliopatikana katika majarida haukuletwa na kufumba macho. Shirika la VIDA la Marekani lilipoanza, kwa takwimu za mwaka 2010, kuhesabu wanawake na wanaume waliochapishwa katika majarida makubwa ya fasihi, ilionekana kwamba mengi yaliwachapisha wanaume kwa wingi zaidi. Baadhi yao, Paris Review likiwemo, yalibadilika waziwazi ndani ya miaka michache, kwa sababu wahariri walianza kuyatazama majina na kwenda kuwatafuta waliokosekana.

Na kuchapisha majina ya wasomaji wa awali kutawatia hofu. Hawa ni vijana wanaoandika pia, wanaopeleka kazi zao kwa majarida ya watu walewale ambao wao wenyewe waliwakataa wiki iliyopita. Utawapata wangapi watakaothubutu kusema "usipite"?

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze jambo moja la vitendo. Februari 2023 jarida la hadithi za kubuni za kisayansi liitwalo Clarkesworld lililazimika kufunga mlango wa kupokea kazi, kwa sababu ya wimbi la hadithi zilizotungwa na programu za kompyuta. Zilizogunduliwa mwezi huo peke yake zilizidi 500. Wasomaji wakilemewa namna hiyo, kishawishi cha kwanza ni kuyaamini majina yanayofahamika na kuyatilia shaka mengine yote. Sijui kama hoja hii inamsaidia mleta mada au mpinzani wake, ila inaonyesha ni nani atakayeumia: ni yule anayeleta kazi yake ya kwanza.

Mchangiaji wa nne

Wote mnazungumza kana kwamba jina lina upande mmoja tu. Mwaka 2015 diwani ya mwaka ya mashairi bora ya Marekani ilikuwa na shairi la mtu mweupe aliyelitia jina la Kichina, akieleza mwenyewe kwamba kwa jina lake halisi lilikuwa limekataliwa mara 40. Mhariri wa diwani hiyo, Sherman Alexie, alikiri hadharani kwamba jina lile lilimfanya alisome kwa makini zaidi, na hata baada ya kuujua ukweli aliliacha shairi lilipo. Baadhi ya watu walimlaumu mwandishi kwa udanganyifu, wengine wakamlaumu mhariri kwa udhaifu. Mimi namheshimu mhariri kwa kuwa alisema. Ni wahariri wangapi wanaoweza kutueleza kwa unyofu ni kitu gani kiliwafanya waufungue ukurasa wa pili?

Mleta mada

Nimewasoma wote, na hoja ya mchangiaji wa pili kuhusu sikio la msomaji nimeikubali kwa sehemu kubwa. Ni kweli kwamba kuficha jina hakumfundishi mtu kusikia. Lakini dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuwachagua wasomaji waliolelewa na mapokeo tofauti na kuhakikisha kila mswada unapita kwa wawili wasiofanana, kwa sababu msomaji mwenye sikio moja, hata akipewa jina na wasifu wa mwandishi, kwa kawaida atautumia wasifu huo kuthibitisha alichokwisha kuamua.

Kisa cha Eliot naomba nikigeuze. Yeye hakuwa na jina, kwa hiyo jina halikumsaidia. Aliyemsaidia ni msomaji, Pound, aliyejulikana kwa jina lake, aliyeweka heshima yake rehani kwa shairi la mtu mwingine na kulitetea kwa miezi mingi. Msomaji wa namna hiyo ndiye ninayemtaka. Tunapomfanya msomaji wa awali kuwa mtu asiyetajwa, tunampa uwezo wa kukataa bila gharama, lakini vilevile tunamnyima fursa ya kutetea na kusifiwa kwa utetezi wake.

Kuhusu hofu yao, narekebisha pendekezo langu. Majina yachapishwe kama orodha ya wote waliosoma kwa ajili ya toleo hilo, bila kuonyesha nani alisoma mswada upi. Na mwandishi anayerudi mara kwa mara, mhariri amtunzie kumbukumbu, kwa kuwa yeye ataliona jina hata hivyo.

Kwa habari ya kazi za kuagizwa, sina ubishi kwamba mhariri ana haki ya kumfuata mwandishi anayempenda na kumwomba hadithi. Ninachoomba ni kwamba kila toleo liandike kazi ngapi ziliagizwa na ngapi zilitoka katika rundo la miswada. Jarida linalojitangaza kuwa na mlango wazi, kisha likatoa kazi 12 ambazo 11 kati yake ziliombwa kwa simu, linawachosha bure walioleta na waliosoma.

Mchangiaji wa pili

Hesabu hiyo ya mwisho naiunga mkono, na ningependa iongezwe safu moja: kati ya kazi zilizochapishwa, ni ngapi zimeandikwa na watu waliowahi kuwa wasomaji wa jarida lilelile. Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipo, na kufichwa kwa jina kusingeuziba, kwa sababu anayeusoma mswada wa mwenzake wa kila juma huutambua kabla ya kumaliza aya ya kwanza.