Teknolojia ipo tayari, ila tuipeleke kwenye biashara gani?

Kijana wa Sinza:
Wakuu, habari za leo. Mimi naandika programu za simu, nipo Dar, na mwenzangu ni fundi wa vifaa vya umeme. Kila ninayekutana naye anatengeneza programu ya kukopesha au ya kuagiza chakula, huko kumeshajaa. Sisi tunataka kuchukua kitu kinachofanya kazi tayari, mfano sola za kulipia kidogo kidogo kama za M-KOPA, usipolipa inajizima, tukipeleke kwa watu ambao vijana wa kompyuta hawawafikirii. Tumewaza taa za wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria. Je, watu hawajaiona hiyo biashara, au wameiona wakakuta haina hela?

Mama Dagaa:
Mwanangu, hapa si wakuu tu, kuna na akina mama. Nauza dagaa Kirumba, Mwanza, na nina mitumbwi Ukerewe.

Hela ipo. Lakini usije kuniuzia mwanga, karabai nilishaacha, natumia taa za betri. Kinachonisumbua ni kutoa hela yote kwa mkupuo, na betri zinazokufa mapema.

Halafu jifunze mwezi. Dagaa huvuliwa gizani, taa ndiyo inayowavuta. Mbalamwezi ikiwa kali hawaifuati taa, vijana wanakaa nchi kavu wanashona nyavu, na hela haiingii. Kuna kampuni ilileta taa za mkopo, rejesho kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa angani ni siku 29 na nusu hivi, wa kalenda 30 au 31. Mwanzoni tarehe yao iliangukia kwenye giza, watu wakalipa vizuri. Ikawa inasogea kidogo kidogo mpaka ikatua katikati ya mbalamwezi. Mfumo ukazizima taa. Giza likarudi, mtu anatakiwa alipe ndipo taa iwake, na hela ya kulipa iko majini, inafuatwa kwa taa hiyo hiyo! Wakazitupa stoo.

Na zilikuwa na vitufe vya kubonyeza namba za malipo, juu ya taa yenyewe. Mkono wa mvuvi una maji na magamba. Vilikwama vyote.

Mzee wa Gesi:
Mama kamaliza. Niongezee tu kwamba wazo lenu si la ajabu. KopaGas walianzia hapa hapa Dar: mita kwenye mtungi wa gesi, mteja analipia kwa simu kadiri anavyopika. Mita za malipo ya kabla zilikuwepo, pesa za simu zilikuwepo, mtungi ulikuwepo. Mwaka 2020 Circle Gas ya Uingereza ikanunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25. Ila jikoni mtungi unakaa sehemu moja. Taa ya ziwani ikizama, nani analipa?

Kijana wa Sinza:
Shikamoo mama, na samahani. Tulipanga kila taa iwe na laini ya simu ndani ili tuizime na kuiwasha tukiwa Dar. Mtandao huko vipi?

Mama Dagaa:
Marahaba. Laini ya nini? Mita ya LUKU ina laini? Unaingiza namba zako 20, umeme unawaka, mtandao uwepo usiwepo. Fanyeni hivyo, namba ziingizwe kwenye betri ikiwa kambini, mikono mikavu.

Swali la mzee ni zito. Taa inanunuliwa na tajiri, lakini usiku anayekuwa nayo ni mvuvi. Andikianeni na tajiri, maana yeye ndiye mwenye mtumbwi na ndiye anayepokea hela dagaa wakiuzwa. Malipo yahesabiwe kwa giza, si kwa tarehe. Mkija Ukerewe njooni siku za mbalamwezi, mtawakuta wote wamekaa. Giza likianza hakuna atakayewasikiliza, mchana wanalala.