Nyumba ya "maisha ya kale", jiko limepigwa kufuli. Watoto tuliwapeleka kuona nini?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Juzi nilikuwa kati ya wazazi waliosindikiza darasa la nne kwenye nyumba moja ya kihistoria. Jina silitaji. Barua ya shule ilisema watoto wataona "maisha ya kila siku ya watu wa zamani", na kiingilio tukalipa kamili.

Tulichoona ni sebule. Picha ya mwenye nyumba, viti vya mwenye nyumba, bakora ya mwenye nyumba. Nusu saa tumesimama nyuma ya kamba tunasimuliwa alizaliwa lini na alimwoa nani. Nikauliza jiko liko wapi. "Limefungwa, ni stoo ya mafagio." Chumba cha watumishi? Siku hizi ofisi. Sasa huyo bwana alikuwa hali? Nguo zake zilijifua?

Mtoto mmoja akauliza usiku walikuwa wanajisaidia wapi. Swali bora la siku nzima! Mtembezaji akamjibu aulize "maswali ya maana". Wenzake wakacheka, mtoto akanywea. Jibu lenyewe jepesi: kulikuwa na chombo chini ya kitanda, na kila kukicha kuna mtu alikibeba kwenda kukimwaga. Mimi nilikwenda kumtafuta mtu huyo, si bwana mwenye bakora.

Lililonimaliza ni jiwe la kusagia. Limelika katikati kwa miaka ya kusuguliwa, na wao wameliweka kuzuia mlango usijifunge! Pasi ya mkaa iko ndani ya kioo, na kibao kimeandikwa "Pasi". Basi. Hakuna aliyewaambia kwamba yale matundu ya ubavuni yanaingiza hewa ili makaa yasizimike, wala kwamba cheche moja ikiruka, shati jeupe ndiyo kwaheri. Taa ya mafuta wameipachika balbu ya umeme. Mtoto atajuaje kwamba ukipandisha utambi kupita kiasi chemni inajaa masizi, na kesho yake lazima mtu akae aifute?

Uani kuna kisima, kimefunikwa. Si wangeweka hata ndoo moja ya lita 20 kila mtoto ajaribu kuinua? Hizo ni kilo 20 za maji, ndoo yenyewe hujaihesabu. Gharama yake iko wapi? Skansen, makumbusho ya wazi ya nyumba za kale kule Stockholm, Uswidi, ilifunguliwa mwaka 1891, na hadi leo ndani ya nyumba zake unakuta watu wamevaa mavazi ya enzi hizo wanafanya kazi za enzi hizo. Sisi tumepewa kamba.

Jana mwanangu kaniletea insha ya ziara nimsahihishie. Sentensi ya kwanza: "Watu wa zamani walikuwa wanakaa kwenye viti." Ya pili hakuwa nayo.