Mrejesho: mlo wa kuoka wa Jumapili kwa mtu mmoja

Wiki mbili zilizopita niliwauliza jinsi ya kupika mlo wa Jumapili wa Waingereza, ule wa nyama ya kuoka na viazi, kwa mtu anayeishi peke yake Leeds, Uingereza, na asiyetaka kula kipande kilekile cha nyama hadi Alhamisi. Wengi mlinishauri niachane na mnofu wa ng'ombe, ninunue paja moja la kuku lenye ngozi na mfupa, nami nikafanya hivyo.

Nililiweka juu ya vitunguu na karoti kwenye trei, kwa nyuzi 200, likaiva kwa dakika 45. Viazi ndivyo vilivyonifurahisha zaidi: nilivichemsha kwa dakika nane, nikamwaga maji, nikaitikisa sufuria ikiwa imefunikwa mpaka kingo zikachubuka na kuwa kama zimepakwa unga, kisha nikavitia kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto ndani ya oveni, navyo vikatoka na gamba linalovunjika kwa sauti.

Andazi la Yorkshire, lile la kuoka linaloliwa pamoja na mlo huu, nililitengeneza kwa yai moja pamoja na unga wa ngano na maziwa, kila kimoja kwa ujazo sawa na yai hilo; liliumuka vizuri, kisha likanywea kwa sababu nilifungua mlango wa oveni kuchungulia, jambo ambalo mlikuwa mmenikataza. Mchuzi niliupata kwa kukaanga kijiko cha unga katika mafuta yaliyobaki kwenye trei na kuongeza maji niliyochemshia kabichi. Ulibaki kidogo, jioni nikautumia kulia ugali, na sioni haya kusema kwamba huko ulifaa zaidi.