Vijana wangu wameshafungwa vichwani kabla ya mechi. Nifanyeje?

KochaWaKizuiani
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha timu ya vijana chini ya miaka 17 hapa Mbagala Kizuiani. Uwanja wetu ni mchanga mtupu, na njumu wanapeana: anayetoka anamvulia anayeingia. Tumepenya hadi robo fainali ya ndondo, sasa tumepangwa na vijana wa kituo kikubwa cha kukuza vipaji. Wenzetu wana basi lao, wana daktari wa timu, na jezi za kubadilisha.

Tangu ratiba itoke vijana wangu si wale. Jana nahodha kaniuliza, "Kocha, wakitupiga tatu tu si hatutakuwa tumeaibika?" Na huyu ndiye beki bora niliyewahi kumfundisha. Imeniuma sana.

Naomba msaada: kujiamini kunajengwaje? Hotuba ninazo, lakini hotuba nguvu zake zinaisha refa akipuliza filimbi.

BekiMstaafu
Kaka, anza na tumbo. Mtoto aliyeshinda na chai kavu usimdai ujasiri saa kumi jioni. Changisheni wazazi, wapate uji na mihogo kabla ya mazoezi. Na wakimbizeni kwenye mchanga huohuo, wajue kwamba dakika za mwisho pumzi wanayo. Mtu anayejua ana pumzi haogopi basi la mtu.

MzeeWaKeko
Mdogo wangu, aliyetangulia kasema kweli, ila mimi nikupeleke mbali kidogo.

Mwaka 2003 Simba walikutana na Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa klabu za Afrika. Hapa Dar Simba wakashinda 1-0. Mtaani kwetu watu wakasema hilo moja litarudishwa Cairo mapema, kisha mvua ya magoli. Zamalek walipata moja tu. Zikaja penalti, Simba wakashinda 3-2, golini yuko Juma Kaseja, kijana mdogo kabisa. Kocha alikuwa Mkenya, James Siang'a, ambaye enzi zake alikuwa kipa. Kijana anageuka benchi, anamwona mtu aliyewahi kusimama hapo aliposimama yeye. Naamini hilo lilimsaidia kuliko maneno.

Lakini uongozi hasa nenda kautazame kwa Zambia, 2012. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu yao ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon. Wote waliokuwemo walikufa, wachezaji 18 miongoni mwao. Kalusha Bwalya alipona kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi, hakuwa kwenye ndege ile. Mwaka 2012 huyohuyo Kalusha ndiye rais wa chama chao cha soka, na Kombe la Mataifa ya Afrika linafanyika Gabon na Guinea ya Ikweta. Zambia wakapangiwa upande wa Guinea ya Ikweta. Kufika Libreville walikofia kaka zao, ilikuwa lazima waingie fainali.

Waliwafunga Senegal 2-1 mechi ya kwanza. Nusu fainali wakakutana na Ghana, kipa Kennedy Mweene akapangua penalti ya Asamoah Gyan, Emmanuel Mayuka akafunga la pekee. Wakafika Libreville, na kabla ya fainali kocha Hervé Renard na vijana wake walikwenda ufukweni kuweka maua.

Fainali ni Ivory Coast ya Drogba na Yaya Touré, timu ambayo haikuwa imefungwa goli hata moja mashindano yote. Drogba akapaisha penalti kipindi cha pili. Dakika 120, 0-0. Kwenye matuta, yaani penalti za kuamua mshindi, wachezaji wa Zambia walikuwa wanaimba. Mweene, kipa, akaenda kupiga yeye mwenyewe, akafunga. Rainford Kalaba akapata nafasi ya kumaliza kazi, akakosa. Hapo timu nyingi zingekufa. Wao hawakufa: Gervinho naye akakosa, Stoppila Sunzu akaweka, 8-7.

Kwa hiyo watafutie vijana wako jambo la kuchezea lililo lao kweli. La kubuni watalijua.

MwalimuWaNetiboli
Shikamoo mzee. Naongezea kitu kimoja kwenye hiyo hiyo fainali. Beki Joseph Musonda aliumia mwanzoni kabisa, akatoka analia. Mechi ilipoisha Renard alimbeba mikononi akampeleka kwenye shangwe la wenzake. Mimi nafundisha wasichana Temeke, na hapo ndipo ninapompimia kiongozi: anamfanyia nini yule ambaye siku hiyo hamsaidii kitu. Wachezaji wanaona. Kocha, hao wanaosubiri kuvuliwa njumu, wanajua kazi yao siku ya mechi? Mpe kila mmoja kazi yake, hata kama ni kumsoma winga wa wapinzani na kukwambia mapumzikoni.

Na huyo nahodha usimkaripie. Kasema kwa sauti kile ambacho wenzake wanakificha.

KochaWaKizuiani
Ahsanteni sana wote. Mzee, shikamoo. Kuhusu jambo lililo lao: uwanja wetu tuliwahi kutaka kunyang'anywa, na ni wazazi wa vijana hawa waliosimama mpaka ukabaki. Sijawahi kulitaja kwenye timu. Kesho nawaalika wazazi wawili waje walisimulie wenyewe. Nahodha nitampa kazi ya kupanga ukuta wa mabeki, mimi nimsikilize. Uji tutachanga.

Swali la mwisho: kwenye mazoezi ya penalti, anayekosa nimweke wapi?

MzeeWaKeko
Marahaba. Abaki mstarini katikati ya wenzake, wamshike mabega, mpigaji mwingine aende. Zoeeni hivyo kila siku, mpaka kukosa kusiwavunje. Na kipa wako naye apige.