Mama mchungaji alipwe, au atosheke na thawabu?

Jirani wa Muyeye
Bwana asifiwe wapendwa, na salamu kwa majirani Waislamu, najua mpo humu. Nauliza, naomba tusitukanane. Makanisa yetu ya kiroho hapa Malindi, kuanzia Maweni na Kisumu Ndogo hadi Gede, yanamwita mchungaji mmoja na kupata watumishi wawili. Mume ana posho, hata kama ni sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi. Mke hana kitu kilichoandikwa popote.

Hesabuni wiki yake. Jumatano maombi ya mchana, funguo anazo yeye. Alhamisi ushirika wa kina mama. Ijumaa kesha, saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, na chai ya kesha juu yake. Jumamosi anafagia, anapanga viti, anafundisha watoto. Katikati ya hayo kuna mgonjwa hospitalini, matanga Kakuyuni, na wanandoa waliogombana wanaobisha hodi saa 5 usiku. Meza ya Bwana ikifika kuna vikombe 150 vidogo. Visiposuuzwa kwa maji moto siku hiyohiyo, sukari ya zabibu inagandia chini, na mkivifungua tena mnakuta sisimizi. Ubatizo wa baharini ndio mzito zaidi. Kaskazi ikivuma, tope la Sabaki linasukumwa kuja ghuba yetu, kanzu nyeupe zinatoka rangi ya chai. Lazima zisuuzwe kwa maji baridi ya bomba kwanza, mara mbili, chumvi na tope litoke. Ukitia sabuni kabla ya hapo haitoi povu na tope linazama kwenye uzi. Kanzu 30, mikono miwili.

Swali langu: alipwe au asilipwe?

Mzee wa Barani
Asilipwe. Huo ni wito. Aliyeolewa na mchungaji alijua anaolewa na madhabahu. Ukimlipa mke, kesho mtoto mpiga kinanda naye atadai, na kanisa litakuwa duka la mtu na familia yake. Waumini wetu ni wavuvi, wauza mboga, watu wa boda. Pesa hiyo itoke wapi?

Halafu tuseme kweli. Wake wengine kazi yenyewe hawaiwezi. Kila kongamano wali wa nazi unaletwa umechacha, watu wanashinda chooni badala ya kusikiliza neno.

Mpishi wa Majengo
Mzee wangu, shikamoo. Mimi si wa kanisa, nayajua masufuria, na hapo kwenye wali umemwonea mtu. Wali wa nazi unachacha kwa sababu ya saa na kifuniko, haujali aliyepika ni mke wa nani. Kongamano linakula saa 7 mchana. Wanaogopa kuchelewa, basi wanapika saa 10 alfajiri, wanaepua, wanafunika wali ungali moto, wanauweka chini ya turubai. Jasho la kifuniko linadondoka ndani, tui linabaki vuguvugu kwa saa nyingi katika joto hili letu. Ukifunua unaona ute unavutika kama uzi na harufu imegeuka. Hata mpishi wa harusi wa miaka 30 ukimpa ratiba hiyo atakuletea wali uliochacha.

Dawa yake: nazi zikunwe na tui likamuliwe asubuhi, mchele utiwe saa 4 na nusu, wali uive saa 6. Hapo hata kifuniko hakijapoa.

Mwana wa Ganda
Mpishi, umesema vyema, lakini tatizo la makongamano ni kipimo kabla ya saa. Wanapika kilo 15 kwa watu 200 halafu wa mwisho wanakwangua ukoko. Kilo 1 ni watu 10, hiyo inajulikana.

Mpishi wa Majengo
Watu 10 ni kama kuna chapati pembeni. Kilo 1 ya mchele mbichi ikiiva inakupa kilo 2 na nusu hadi 3. Gawa kwa 8, kila mtu anapata sahani ya kumtosha mtu mzima aliyeimba tangu asubuhi. Watu 200 ni kilo 25, mfuko mmoja. Nazi hesabu mbili kwa kilo zikiwa ndogo, moja na nusu zikiwa kubwa, kwa hiyo nazi 40 hadi 50. Na usithubutu kuupika wote kwenye sufuria moja. Chini utakuwa uji, juu utakuwa mbichi. Gawa mara tatu. Anza na tui jepesi na chumvi, likichemka tia mchele, ukikaribia kukauka mimina tui zito, punguza moto chini, palia makaa juu ya kifuniko. Tui zito ukilitia mwanzoni linakatika, wali unatoka na mafuta juu na ubichi katikati.

Mwana wa Ganda
Kwa hilo la kugawa sufuria nakubali. Kwa 8 bado nakataa. Vijana wa leo hawali kama zamani.

Mpishi wa Majengo
Vijana wa leo hawali kama zamani? Njoo usimame na upawa mlangoni saa 7 uwaambie hivyo.

Binti Kakuyuni
Samahani kaka zangu. Mmepima mchele, mmepima tui, mmepima makaa. Nazi 40 hadi 50 anazikuna nani? Nazi moja kwenye mbuzi ya kukunia ni kama dakika 5, ukijumlisha kuvunja na kumwaga maji. Nazi 48 ni dakika 240, saa nne za kuinama, na kukamua kwa kifumbu bado. Ili tui liwe tayari saa 4 asubuhi kama Mpishi anavyotaka, mtu mmoja ataanza saa 11 alfajiri, saa ileile kesha linapoisha. Sasa mnajua kwa nini wanapika mapema. Anayekuna ndiye aliyekesha, na ndiye atakayeongoza kipindi cha kina mama saa 3. Anapika saa ambayo ana nafasi. Mzee wa Barani amemwita mtu asiyeweza kazi, na yule amepewa kazi ya watu wanne.

Mzee wa Barani
Binti, sikumtaja mtu. Na usinipigie hesabu za dakika kana kwamba nyumba ya Mungu ni kiwanda. Wake za watumishi wamejitolea tangu injili ifike pwani hii. Mke wa mmisionari Krapf alifia Rabai 1846 bila mshahara wala hakulalamika.

Msomaji wa Watamu
Mzee, kwa heshima. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mkewe Rosine alikufa mwaka huohuo, Julai, baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Misheni ya Rabai ilianza 1846, miaka miwili baadaye, hakuwahi kuiona. Krapf mwenyewe alikuwa ametumwa na kugharimiwa na shirika la misheni. Kwa hiyo mfano wako unatuonyesha mume aliyegharimiwa na mke aliyezikwa. Mimi nisingeutumia kutetea hoja yako.

Mzee wa Barani
Tarehe nimekosea, nakubali. Kujitolea kwake sikukosea.

Mweka Hazina
Naona swali limezama kwenye tui, niliinue. Tenganisheni kurudishiwa gharama na kulipwa. Nauli ya boda kwenda kwa mgonjwa, muda wa simu, mtungi wa gesi wa kilo 13 unaokwisha kwa chai ya kesha: hilo ni deni la kanisa kwake, na mahali pengi halilipwi kwa sababu hakuna aliyeandika. Njia ni rahisi. Tarehe 1 akabidhiwe kiasi, tuseme 5,000. Kila anachotoa aandike tarehe, kazi na kiasi. Boda haitoi risiti, basi aandike karatasi na mzee mmoja wa kanisa atie sahihi. Akibakiwa na 1,000 alete karatasi za 4,000 ajaziwe. Pesa haiongezeki wala haipotei.

Posho yenyewe ipitishwe na kikao cha wazee, mchungaji akiwa nje ya chumba, iandikwe kwenye kumbukumbu kwa jina la mke, na kazi zitajwe. Isiingizwe kwenye bahasha ya mume kama nyongeza. Na yeye asiwe mtia sahihi wa akaunti. Hapo ndipo makanisa madogo yanapoharibikia, mume mwenyekiti, mke mweka hazina, shemeji katibu, halafu inafika siku ya kupeleka taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Vyama na hakuna hesabu. Baada ya vifo vya waumini katika msitu wa Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya 400, mtu wa Malindi ana haki ya kuuliza kila kitu kuhusu kanisa linaloendeshwa na nyumba moja.

Mpwani Mkweli
Shakahola tena! Hamuwezi kuzungumza hata sufuria bila kututia kwenye lile shimo? Watu waliambiwa wafunge hadi wafe. Hilo na posho ya mama mchungaji vinakutana wapi? Kila kanisa dogo la mabati sasa linaangaliwa kama lina makaburi nyuma.

Mweka Hazina
Sikusema yana makaburi, na pole kama imekuuma. Nilimaanisha kule hakukuwa na wa kumuuliza mhubiri mmoja. Hesabu zilizo wazi ndizo zinazolilinda kanisa dogo la mabati unalolitetea.

Mpwani Mkweli
Ungesema hivyo tangu mwanzo.

Dada wa Ngala
Mnabishania posho, mimi naona kubwa ni nyumba. Mchungaji akifariki, kamati inakuja na mchungaji mpya anayehitaji nyumba. Mjane aliyetumika miaka 20 anaambiwa ahame. Lakini sheria ya ndoa ya 2014 inamlinda, inasema kazi za nyumbani ni mchango.

Msomaji wa Watamu
Hiyo ni Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, dada. Ya 2014 ni ya ndoa yenyewe. Na kweli inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na hata kusimamia biashara ya familia kuwa mchango. Lakini inagusa mali ya wanandoa. Nyumba ya kanisa iko chini ya wadhamini, si ya mume, kwa hiyo mke hana cha kudai humo. Haki yake itatoka kwenye katiba ya kanisa peke yake: akae miezi mingapi baada ya msiba, nani anagharimia kuhama, na kama kanisa lilimwekea akiba. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inapokea wanachama wa hiari, afunguliwe kwa jina lake. SHA nayo, bima ya afya ya serikali, ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isipungue 300 kwa mwezi, na asiye na mwajiri hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mchungaji akiacha kulipa, mke na watoto wamekosa naye.

Jirani wa Muyeye
Na Biblia tunayoisoma makanisani inataja ujira wa mtenda kazi, 1 Timotheo 5:18, ndani ya sura ileile inayoagiza wajane watunzwe. Fibi katika Warumi 16 ameitwa mhudumu wa kanisa kwa jina lake, hakutajwa mumewe.

Mzee wa Barani
Paulo mwenyewe alikuwa na haki ya ujira na hakuitumia, 1 Wakorintho 9. Kwa posho sijabadilika. Karatasi za boda nazikubali, hilo ni deni. Na kwa wali, Mpishi amenifundisha. Kongamano la Agosti tutaweka saa 4 na nusu, na vijana wanne wa kukuna.

Mwana wa Ganda
Kilo ngapi?

Mzee wa Barani
Ishirini na tano.

Binti Kakuyuni
Ahsante, mzee. Vijana wanne wanataka mbuzi nne. Kanisa lina ngapi?

Mzee wa Barani
Ya kanisa hakuna. Huwa inatumika ile ya nyumbani kwa mchungaji.