Kigari cha kupima mionzi ufuoni Mambrui: kina faida gani kikijiendesha chenyewe?

Mwalimu wa Fizikia, Malindi:
Assalam aleikum, wanabaraza. Mimi ni mlezi wa klabu ya sayansi katika shule moja hapa Malindi. Wanafunzi wangu wameunda kigari cha magurudumu manne, wakakifunga kipima mionzi cha Geiger pamoja na kipokezi cha GPS, nao wanataka kuchora ramani ya ufuo wa Mambrui, ambako maji yakipwa huacha michirizi ya mchanga mweusi. Eneo hilo linajulikana kuwa na madini ya titani, na kwa kuwa madini mazito ya pwani mara nyingi huandamana na monaziti, ambayo ndani yake mna thoriamu, metali itoayo mionzi, tulitarajia kipima kilie zaidi juu ya michirizi. Tulikitembeza kigari mita mia mbili kwa mwendo wa mtu. Ramani ikatoka na madoa mekundu yaliyotapakaa kama upele, na tuliporudia, madoa yote yalikuwa yamehama. Je, kasoro ni ya kipima au ya kigari? Na kuna faida gani kigari kujiendesha chenyewe badala ya mwanafunzi kukiongoza kwa rimoti?

Fundi Vipimo:
Wa aleikum salaam, Mwalimu. Vyote viwili havina ila. Kilichopungua ni subira. Neli ndogo ya Geiger, yaani ule mrija wa kipima unaonasa miale, hulia kama mara 25 kwa dakika hata mahali pasipo na jambo, na milio hiyo huja ovyo, mfano wa matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Mtikisiko wa kawaida wa hesabu hiyo, yaani kupanda na kushuka kwake kwa bahati tu, ni kipeuo chake cha pili, yaani 5, ambayo ni sehemu moja kwa tano. Kigari chenu kinapita juu ya mchirizi kwa sekunde mbili, kinasikia mlio mmoja au hakisikii kitu, kisha programu inaupaka rangi mlio huo mmoja kana kwamba ni habari. Kisimamisheni dakika nne kila kituo: milio itafika 100, mtikisiko utakuwa 10, yaani sehemu moja kwa kumi tu, na hapo mchirizi utaanza kujitenga na mchanga wa kawaida. Kipima kikae karibu na mchanga, na urefu huo usibadilike hata kidogo.

Faida ya kujiendesha ni hapo hapo. Mwanafunzi aliyeshika rimoti kwenye jua la saa saba atakuwa ameanza kupunja dakika kabla ya kituo cha kumi, ilhali kigari kinaweza kuagizwa kirudi chenyewe mahali ambapo hesabu ina shaka.

Mwalimu wa Fizikia, Malindi:
Ahsante, Fundi. Lakini mwanafunzi mmoja amenibana: Australia, Januari 2023, kilipotea kidonge cha sesiamu-137, metali yenye mionzi, chenye urefu wa milimita 8 kando ya barabara ya kilomita 1,400, na gari lililokigundua lilikuwa likienda kilomita 70 kwa saa. Sisi tusimame dakika nne kwa nini?

Fundi Vipimo:
Mpe hongera. Kile kilikuwa chanzo kikali kilichotengenezwa kwa kazi ya mgodini, na vifaa vya kutafutia vitu vya namna hiyo hunasa miale mingi mno kuliko neli yenu inayoweza kufichwa kiganjani. Nyinyi mnatafuta mnong'ono. Wao walikuwa wakitafuta kelele.

Bi Mkomani, Lamu:
Naomba kuongeza jambo, kwani Fundi ameieleza faida ya kujiendesha kana kwamba ni dawa ya uchovu tu. Mimi niliwahi kutembea na GPS katika vichochoro vya mtaa wetu, katikati ya kuta nene za mawe, na ramani ikanionyesha nikitembea baharini. Ndani ya kinu cha nyuklia, ambamo roboti pia hutumwa kupima mionzi, ni vibaya zaidi: GPS haifiki, na zege huzuia hata mawimbi ya rimoti. Kule Fukushima, Japani, kwenye vinu vilivyoharibika mwaka 2011, roboti iitwayo Quince iliongozwa kwa waya ilioukokota nyuma yake. Oktoba 2011 waya ule ulinasa katika ghorofa ya tatu ya jengo la kinu namba 2, nayo ikaachwa humo. Ndiyo maana watafiti hutaka roboti inayochora chumba yenyewe kwa miale ya leza, ikajua imesimama wapi, na mawasiliano yakikatika ikaweza kurudi kwa njia iliyokwendea. Kipimo kisichojulikana kilichukuliwa wapi si ramani.

Mvuvi wa Ngomeni:
Mwalimu, kazi ni nzuri, ila usiibandike ramani hiyo kwenye makundi ya simu ikiwa na rangi nyekundu. Tangu maneno ya mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa Uyombo, hapa Kilifi, yaanze, watu wa huku wakisikia mionzi hawaulizi kiasi.

Fundi Vipimo:
Kweli kabisa. Tumieni rangi moja inayokolea taratibu, na pembeni muandike "milio kwa dakika", wala msiandike "hatari". Mionzi ya asili iko kila mahali. Wastani wa dunia ni kama milisiveti 2 hadi 3 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi anayoipata mtu mwilini).

Mwalimu wa Fizikia, Malindi:
Nimewaelewa. Tutarudi siku za bamvua, maji yakipwa mbali: vituo ishirini, dakika nne nne, na kila kituo kitachomekwa kijiti ili tusiitegemee GPS peke yake. Hata hivyo, mchanga umeshaingia kwenye giya za gurudumu la nyuma. Kuna anayejua grisi isiyoushika?